Kazi ya Kujua pa Kukomea

Martini ya jini ina chupa mbili tu: jini yenyewe na vermuthi kavu. Ongeza barafu na kipande cha ganda la limau, orodha imekwisha. Hamna sukari ya kuficha jini mbovu wala juisi ya kufunika makosa ya mchanganyaji. Glasi ikiwekwa kaunta, kilichomo ni cheupe kama maji ya chemchemi. Usione vyaelea, vimeundwa. Na katika vinywaji vyote vya baa sijui kingine kinachoistahili methali hiyo kuliko hiki. Wapo wasomaji waliokatazwa kileo na dini, wengine na daktari. Nao pia wakaribie, maana ninachokisifu hapa ni mikono, na mikono hutazamwa bila kulewa.

Tuanze na jini. Ni pombe kali iliyokolezwa viungo vingi: mbegu za giligilani, mizizi, maganda ya limau na machungwa. Lakini kimoja kikikosekana haiitwi jini tena, nacho ni vitunda vya rangi ya samawati iliyoiva vya mti ambao wataalamu wa mimea huuita Juniperus communis. Mti huo ni ndugu wa mtarakwa wetu, ule wa misitu ya Nyandarua na miteremko ya Kilimanjaro, ambao wakulima wa nyanda za juu huuchonga nguzo za ua kwa sababu mchwa hawauwezi. Nairobi kuna watengenezaji, Procera, wanaotumia vitunda vya mtarakwa wenyewe. Ponda kitunda kimoja kati ya vidole: utanusa utomvu, na kwa mbali pilipili manga. Harufu hiyo ndiyo uti wa mgongo wa martini. Anayeweka vodka mahali pake atapata kinywaji baridi, ila mti ameukosa.

Vermuthi ni divai nyeupe iliyoongezwa pombe kali kidogo na kulowekewa mitishamba. Katika mji wa Marseillan, kusini mwa Ufaransa, kampuni ya Noilly Prat huyaacha mapipa ya divai yake uani, yapigwe jua na mvua kwa mwaka mzima. Yote hayo huharibika kwa uzembe mdogo. Kwa kuwa ni divai, chupa ikishafunguliwa huanza kuchacha. Inayosimama miezi sita kwenye rafu chini ya taa imekwisha kufa zamani. Wengi wanaoapa kwamba hawaipendi vermuthi hawajawahi kuionja ikiwa hai. Mahali pake ni ndani ya friji, na muda wake ni wiki chache.

Kwenye vermuthi ndipo historia ya martini ilipopinda. Katika kitabu cha Harry Johnson, kilichotoka New York mwaka 1888, jini na vermuthi zilikuwa nusu kwa nusu, tena pamoja na shira ya sukari. Kilikuwa kinywaji kitamu. Kadiri miaka ilivyokwenda, vermuthi ilipunguzwa. Baadaye mwandishi wa Kimarekani Bernard DeVoto alitangaza kwamba kipimo halali ni 3.7 kwa 1, kana kwamba anasoma mizani ya sonara. Mwaka 1950 kanali katika riwaya ya Hemingway aliagiza 15 kwa 1 na kukiita kinywaji hicho Montgomery, kwa jina la jenerali wa Kiingereza. Luis Buñuel, mtengeneza filamu wa Hispania, aliosha barafu kwa matone ya vermuthi, akayamwaga, kisha akatia jini kwenye barafu iliyobaki na harufu tu. Aliyekwenda upande wa pili ni Roosevelt, rais wa Marekani aliyependa kuwachanganyia wageni kwa mkono wake. Mwaka 1943 huko Tehran alimtengenezea Stalin martini iliyojaa vermuthi, na Stalin akalalamika kwamba ni baridi tumboni.

Mimi naona ukavu, yaani uchache wa vermuthi, umegeuzwa shindano la ubabe. Jini tupu ni jini tupu, hata ukiipa jina la jenerali. Sehemu tano au sita za jini kwa moja ya vermuthi zinatosha: mitishamba inaulainisha ule ukali wa utomvu, nayo jini inabaki mwenye nyumba. Anayepunguza zaidi ya hapo ameacha kazi kabla haijaisha.

Kiungo cha tatu hakiandikwi popote, nacho ni maji. Pima mililita 60 za jini na 10 za vermuthi, koroga na barafu, kisha chuja. Utakuta glasi ina karibu mililita 90. Zile 20 za ziada zimetoka kwenye barafu, na bila hizo martini haipo. Barafu hupoza kwa kuyeyuka: inapogeuka maji hunyonya joto kutoka kwa kinachoizunguka. Na kwa vile kileo hakigandi kwenye nyuzi 0, mchanganyiko hushuka chini ya hapo, nyuzi nne au tano. Baridi na maji huja kwa mlango mmoja. Huwezi kumwita mmoja ukamwacha mwenzake nje, na ustadi wote uko katika kuufunga mlango huo kwa wakati.

Mtazame mchanganyaji anayejua kazi. Barafu yake ni mapande makubwa, makavu, yaliyotoka friza sasa hivi. Vipande vidogo vilivyokaa kwenye ndoo vimeshalowa na huingiza maji kabla ya kupoza chochote. Kijiko chake ni kirefu, shina limesokotwa, na hukishika kati ya vidole kiasi kwamba mkono hauonekani kufanya nguvu. Mgongo wa kijiko unateleza kwenye ukuta wa jagi la kuchanganyia, na barafu yote inazunguka kama pande moja. Husikii kugongana. Ukungu unapanda nje ya jagi, kwanza chini, halafu juu. Anachovya mrija, anaziba tundu la juu kwa kidole, anaonja tone. Mapema, tone hilo linachoma koo; likichelewa, limepwaya. Katikati kuna muda mfupi ambapo jini imetulia na harufu yake imefunguka. Mpishi wa wali hatazami saa kujua lini apalie makaa, na huyu naye hahesabu. Huwa ni nusu dakika hivi, ila barafu ya leo si ya jana.

Ndiyo maana natofautiana na James Bond, ambaye tangu riwaya ya kwanza ya mwaka 1953 ametufundisha kutikisa. Kutikisa kuna mahali pake. Kinywaji chenye maji ya ndimu huhitaji kutikiswa. Kwenye martini huleta mapovu na chembe za barafu zinazoingia glasini na kuendelea kuyeyuka mbele ya mnywaji. Mchanganyaji amemaliza kazi yake, kinywaji bado kinachanganywa. Pa kukomea amepapoteza.

Kuna mahali walipoukwepa mtihani huo kwa ujanja. Katika baa ya hoteli ya Dukes, London, jini na glasi hutoka friza, na kwa sababu jini haigandi kwenye baridi ya friza, humiminwa moja kwa moja juu ya matone ya vermuthi, mbele ya mgeni, kwenye kigari cha magurudumu. Salvatore Calabrese alibuni njia hiyo miaka ya 1980 kwa ajili ya mwandishi wa safari Stanton Delaplane, aliyetaka martini baridi sana na kavu sana. Ni nzito, inateleza kama mafuta, na haina tone la maji ya barafu. Kwa hiyo nyumba imeweka sheria: mgeni hapewi zaidi ya mbili. Breki iliyoondolewa kwenye jagi imehamishiwa mlangoni.

Linabaki ganda la limau. Likatwe upana wa kidole gumba, bila ule utando mweupe wenye uchungu, likunjwe juu ya glasi, rangi ya njano ikitazama chini. Ukiinama penye mwanga utaona vitone vya mafuta vikitua juu ya kinywaji na kutanda. Pua huvikuta kabla ya ulimi. Wanaopenda zeituni waipate, iliyokaushwa maji yake ya chumvi.

Martini ikishamiminwa haina barafu ya kuilinda, na kila dakika inapata joto. Glasi kubwa za siku hizi ni hasara, kwani nusu ya pili hunywewa ikiwa vuguvugu. Agiza ndogo. Ukitaka ya pili, mwache mchanganyaji aanze upya kwa barafu mpya na glasi nyingine baridi. Akikujazia masalio yaliyokaa kwenye jagi, amekupa maji yenye harufu ya jini. Mrudishie, kwa adabu, na usilipe.