Pongezi kwa Rosemary Karuga

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Rosemary Karuga wa Kenya alisomea sanaa chuoni Makerere, Uganda, katika skuli ya sanaa iliyoanzishwa na mwanamke, Margaret Trowell. Kisha akafundisha shule kwa miaka mingi, sanaa yake ikisubiri. Alipostaafu, rangi zilikuwa ghali mno. Basi akachukua pakiti za unga na karatasi za sabuni, akazikatakata na kuzibandika kwa gundi, kipande juu ya kipande, mpaka wakatokea kuku, ng'ombe na wanawake wa kijijini. Kwangu mimi, kazi hizo zinapita michoro mingi ya rangi za mafuta. Mwaka 1990 zilioneshwa Harlem, New York. Mwenyewe alikwisha kuvuka miaka 60. Alifariki 2021. Walimu wa sanaa, wafundisheni wanafunzi jina lake.