“Fomate tu”: jibu lenye kutugharimu kazi zetu



Kila mwaka, wakati wafinalisti wanapomalizia TFC na memware, ujumbe ni uleule ndani ya magrupu yetu: “Mashini yangu inakatala kuwaka, nifanye nini?” Dakika tano haziishi, jibu limefika: “Fomate tu.” Hakuna mwenye kuuliza skrini inasema nini. Hakuna mwenye kuuliza kama taa iliwaka, kama shargeri ni ya mashini ile, kama kazi iko na kopi fasi ingine. Fomate tu, kisha watu wanaendelea na habari ya mpira.

Leo nataka nilikosoe jibu hilo sawa vile tunavyokosoa kitabu kibaya: linasema nini, linaficha nini, na nani anayelilipia. Siliongelei kwa mbali. Mimi mwenyewe nimelitoa mara nyingi, na mara moja nililitoa vibaya sana.

Nilipokuwa ningali chuoni hapa Bukavu, nilitafuta pesa za silabusi kwa kuweka Windows ndani ya mashini za watu. Nilikuwa na flashi moja na tournevisi moja, basi nikajiita fundi. Siku moja mudogo wangu mmoja wa chuo, finalisti, akaniletea laptopu yake ndani ya kitenge.

“Yaya, inakatala kuwaka. Na promotere anangojea shapitre ya tatu siku ya tano.”

“Usiogope. Nitakufomatia, kesho unaandika.”

“Bintu byangu bitabakia?”

“Byenye biko mu D bitabakia.”

Hakujua kama kazi yake ilikuwa ndani ya D ao hapana. Mimi sikumuuliza. Kumbe alikuwa anaandika kila kitu pale mbele, kwenye ukurasa ule wa ikoni ambao unaonekana mashini ikishawaka. Fasi ile kwa kawaida iko ndani ya C, na C njo nilifuta. Kulikuwa mahojiano 43 aliyofanya na wamama wenye kubeba mizigo mgongoni, yote ameshayaandika kutoka sauti hadi maneno. Sauti zenyewe alikuwa ameshazifuta ndani ya simu juu simu ilijaa.

Kesho yake mashini iliwaka vizuri kabisa. Nikapokea dola kumi.

Wiki mbili kisha, mashini ikakatala tena, na ujumbe uleule. Mara hii niliifungua chini. Kebo bapa yenye kuunganisha diski na mashini ilikuwa imetoka nusu. Niliisukuma kwa kidole, nikafunga skuru, ikawaka. Ugonjwa wote ulikuwa pale. Siku ya kwanza nilitibu kitu ambacho hakikuwa kigonjwa, na nikakiua.

Kosa la kwanza la “fomate tu” njo hili: linajibu kabla ya kujua hatua gani imekwama. Laptopu haiwaki kwa mara moja. Kwanza umeme unaingia. Kisha mashini inajipima yenyewe: kumbukumbu ya RAM iko? kadi ya picha inajibu? Kisha programu ndogo ya kiwandani, ile wanaita BIOS ao UEFI, inatafuta diski. Ikiipata, inaamsha kipakizi cha Windows. Mwisho Windows yenyewe inaanza. Kufomate kunagusa hatua mbili za mwisho tu. Kama shida iko kwenye umeme, kwenye RAM ao kwenye kebo ya diski, kuweka Windows mpya ni kama kubadilisha silabusi juu profesa hakufika.

Na kujua hatua gani imekwama si uchawi. Hakuna taa hata moja? Jaribu shargeri ingine ya aina ileile. Kisha ondoa shargeri, toa batri kama inatoka, finya batoni ya kuwasha kwa nusu dakika, rudisha shargeri, jaribu tena. Umeme uliobaki ndani wakati mwingine njo unaofunga mashini, sana sana kwetu ambako kuran inaruka na kurudi kwa nguvu. Taa inawaka, feni inazunguka, lakini skrini nyeusi? Mulika skrini kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu kwa nyuma, mashini iko mzima, ni mwanga wa skrini uliokufa. Usipoona kitu, zima, toa RAM, ipanguse, irudishe vizuri. Kwenye HP nyingi, taa ya Caps Lock inapepesa kwa hesabu. Mashini inakwambia kwa kuhesabu ni kipande gani hakijibu. Hapo pote Windows bado haijaguswa. Mafaili yako yamelala salama, yanangojea mtu mwenye subira.

Sasa niwakosoe pia watengenezaji, juu “fomate tu” haikuzaliwa Kadutu peke yake. Tumeisoma kwenye skrini. HP nyingi zikikosa diski zinaandika kwamba kifaa cha kuwashia hakikupatikana, halafu, kwa heshima, zinakuomba uweke mfumo wa uendeshaji kwenye diski yako. Chini kuna alama 3F0. Someni tena sentensi ile. Mashini inasema haioni diski, kisha inashauri uandike kitu kipya juu ya diski ambayo haioni. Haisemi “angalia kebo”. Haisemi “labda diski inakufa, okoa kazi yako kwanza”. Haisemi hata “toa flashi uliyosahau pembeni”, ingawa flashi iliyosahauliwa inaweza pia kuzuia mashini kuwaka. Njo ujumbe niliousoma siku ile. Niliutii kama mwanafunzi mwema.

Skrini ya bluu ya Windows nayo ilikuwa na lake. Tangu Windows 8, mwaka 2012, ilikuwa na uso wa huzuni mkubwa, nukta mbili na mabano, na sentensi ya kusema PC yako imepata shida. Kitu chenye maana, jina la kosa, kiliandikwa chini kwa herufi ndogo. Mwaka 2025 Microsoft ilianza kuleta skrini nyeusi isiyo na uso ule, yenye kuacha jina la kosa lionekane vizuri zaidi. Ni afadhali. Lakini kwa miaka zaidi ya kumi tulionyeshwa huzuni kwa herufi kubwa na sababu kwa herufi ndogo, basi tukazoea kupiga picha ya uso na kukata sababu. Angalieni picha tunazotumiana ndani ya grupu: uso unaonekana, jina la kosa liko nje ya picha.

Jina lile linafanya kazi kubwa. Kama linasema kifaa cha kuwashia hakifikiki, tunatazama diski na mipangilio ya BIOS. Batri ndogo ya saa ikifa, mipangilio ile inaweza kurudi ya kiwandani, na Windows iliyokuwa inaona diski jana isiione leo. Dalili yake wakati mwingine ni rahisi: tarehe ya mashini imerudi miaka mingi nyuma. Batri ile ni ya bei ndogo. Memware haiuzwi sokoni Nyawera.

Kwa wale wenye kuona ninakuza mambo, tukumbuke tarehe 19 Julai 2024. Siku ile sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha mashini za Windows duniani. Microsoft yenyewe ilikadiria milioni 8,5. Ndege zilibaki chini, hospitali na benki zilisumbuka, skrini za bluu kila fasi. Je, dawa ilikuwa kufomate mashini milioni nane? Hapana. Dawa iliyotangazwa ilikuwa kuwasha mashini kwa hali salama, kufuta faili moja bovu, na kuwasha tena. Faili moja! Mafundi walipita mashini kwa mashini, kazi ndefu, lakini walijua wanatafuta nini. Sasa fikirieni siku ile ingeanzia kwenye grupu letu.

Kuna wenye kunijibu, na wako na haki kidogo: “Yaya, wewe unaongea kirahisi. Kwetu mteja halipi juu ya kutafuta ugonjwa. Analipa mashini ikiwaka.” Ni kweli. Nikitumia masaa matatu kupata kebo iliyolegea, nitaomba dola ngapi kwa kusukuma kebo? Mteja atasema nimemwibia. Nikifomate kwa saa moja, anaona Windows mpya yenye kung’aa na analipa akicheka. Kuran nayo haingojei. Kwa hiyo fundi anachagua kazi yenye kuonekana. Siwezi kumlaumu peke yake wakati sisi wateja njo tuliomfundisha vile. Lakini sisi ni wahitimu. Tunaandika kurasa nyingi juu ya mbinu ya utafiti, tunajua kwamba hitimisho haliwezi kutangulia data. Mbona mbele ya mashini tunakubali hitimisho la kwanza lenye kupita?

Sisemi kufomate ni dhambi. Kuna mashini ambayo virusi vimeiharibu kabisa, kuna Windows iliyovunjika hata ukurasa wa kujitengeneza unashindwa. Hapo fomate, lakini iwe ya mwisho, na kopi iwe imeshatoka. Wakati mwingine hata pale kuna njia ya katikati: Windows ikishindwa kuanza mara kadhaa inaleta ukurasa wa kujirekebisha, na ndani yake mna kuweka upya huku ukihifadhi mafaili yako. Programu zinaondoka, kazi inabaki. Soma vizuri kabla ya kufinya, juu chaguo la kufuta vyote liko palepale pembeni.

Na kutoa kopi kwenye mashini isiyowaka inawezekana. Ubuntu inaweza kuanza kutoka kwenye flashi ya GB 8 bila kuwekwa ndani ya diski. Unaifungua, unaona mafaili yako, unayakopi kwenye flashi ingine. Ao fundi anatoa diski na kuiunganisha na mashini nzima kwa boksi ya USB. Diski ikipiga sauti ya tik-tik, zima mara moja. Usiendeshe programu ya kurekebisha makosa juu yake, okoa kwanza, juu kila kuiwasha kunaweza kuwa kwa mwisho. Na kama mashini inaomba ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, usikimbilie kufomate: mara nyingi ufunguo ule umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingia nayo mara ya kwanza. Njo maana ni vizuri kuutafuta leo na kuuandika kwenye karatasi, kabla mtu hajagusa BIOS.

Kwa hiyo, kabla ya kuacha mashini yako kwa mtu, muulize maswali matatu bila haya. Shida iko hatua gani, na umejuaje? Kazi yangu utaikopi wapi kabla ya kugusa kitu? Na nikikulipa kwa kutafuta tu, hata usipofomate, ni ngapi? Swali la tatu njo kubwa. Linamwambia fundi kwamba unalipa macho yake pia, si Windows peke yake. Fundi mwenye kukasirika kwa maswali hayo, funga mashini yako, salimia, toka.

Nirudi kwa yule mudogo. Tulijaribu kufufua. Programu ya kurudisha mafaili ilituletea vipande vya picha na mamia ya mafaili yasiyo na majina; ya mahojiano, hakuna lililofunguka. Alirudi kwa wamama. Wengine walikuwa wamehama, wengine walimwambia wazi kwamba hawana muda wa kusema mara mbili maneno ya taabu yao. Alipata 19. Alitetea kazi yake kwenye sesioni ya pili, na alitetea vizuri. Nilikuwa nimekaa nyuma ya sale. Juri mmoja akamuuliza juu ya nini sampuli yake ni ndogo kuliko ile ya projeti. Akajibu: “Kwa sababu za kiufundi.” Hakugeuka kuniangalia.

Sababu za kiufundi zilikuwa mimi, bakamarade. Kebo ilikuwa imelegea tu.

Mara ijayo mtu akiandika ndani ya grupu kwamba mashini yake inakatala, naomba wa kwanza kujibu aulize hivi: skrini inasema nini, neno kwa neno? Na kazi yako iko na kopi wapi? Akishajibu, ndipo tuanze kusaidiana.