"Ifungue Ipumue": Ushauri wa Gereji Tuupigie Hesabu

Kama una IST au Vitz, pita gereji yoyote ya Kinondoni au Temeke uone. Ushauri huu hutaukosa: "Kaka, hii gari imebanwa. Ifungue ipumue." Maana yake ung'oe boksi la chujio la hewa la kiwandani na kufunga chujio la wazi lenye umbo la koni, ubadili ekzosi iwe nene, na masega yatolewe. Rafiki yangu wa Mbagala, dereva wa teksi ya mtandaoni, ameahidiwa nguvu asilimia 15 zaidi na mafuta kupungua. Ameshaanza kudunduliza. Kabla hajatoa hela, tulipime dai hili kama tunavyopima dai lolote la kisayansi.

Tuanze na pale mafundi walipo sahihi. Chukua injini ya 1NZ-FE, ile ya IST ya sisi 1,500. Kila silinda huvuta hewa mara moja kwa mizunguko miwili, kwa hiyo kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika injini inaweza kumeza karibu lita 4,500 za hewa kila dakika. Gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa ikiongezeka, petroli inaongezeka, nguvu inaongezeka. Mpaka hapo hoja imesimama.

Inapoanguka ni kwenye ukubwa wa faida. Mgandamizo wa hewa hapa Dar, usawa wa bahari, ni kama kilopaskali 101. Tuseme chujio safi la kiwandani linapoteza 2 kati ya hizo. Hata ukiling'oa kabisa unarudishiwa asilimia 2 tu. Kwa injini ya nguvu farasi 109, hizo ni 2 hivi. Zile 16 za ahadi zitatoka wapi?

Na hata hizo 2 zinaweza kupotea. Bomba la kiwandani huvuta hewa ya nje, kwa mbele. Koni ikikaa wazi ndani ya boneti, inavuta hewa iliyopashwa na injini. Ukiwa kwenye foleni ya Kilwa Road, tuseme nje ni nyuzi 32 na ndani ya boneti ni 60. Hewa hiyo ni nyepesi kwa karibu asilimia 8. Umelipia asilimia 2, umepoteza 8! Gari likishika mwendo joto linapungua, sawa, lakini dereva wa Mbagala anashika mwendo saa ngapi?

Na mafuta je? Kwenye mwendo wa kawaida, kinachobana hewa zaidi ni kile kifuniko kinachofunguka ukikanyaga pedeli. Chujio likipitisha hewa kirahisi zaidi, mguu wako unakanyaga kidogo kuliko hapo awali, basi. Petroli ni ileile.

Ekzosi nene inaongeza kelele, na sikio linatafsiri kelele kuwa mbio. Masega nayo yana kazi: platinamu, paladiamu na rodiamu zilizomo hugeuza monoksidi ya kaboni na sumu nyingine kabla hazijatoka nje. Ukiyatoa, moshi huo wanauvuta watu wa kituoni na mwanao kiti cha nyuma. Ila nisiwaonee mafundi: masega yaliyoziba kweli yanaua nguvu. Yapimwe kwanza kwa geji ya mgandamizo, ndipo yabadilishwe.

Kama bado unabisha, safi, fanya jaribio. Jaza tenki hadi juu, andika kilomita na lita kwa wiki mbili. Funga kifaa, rudia wiki mbili kwenye njia zilezile. Ikiwezekana, anayeendesha asijue kama kifaa kimefungwa, maana anayejua amelipia hubadili mguu wake bila kujijua.

Rafiki yangu nimemshauri aanze na chujio jipya la kawaida, plagi, upepo wa tairi, na pedi za breki ambazo zimeisha tangu mwezi uliopita. Amenicheka kwamba hizo hazisikiki. Kweli hazisikiki, lakini abiria wake wanazihitaji kesho asubuhi.