Gramu Moja ya Chokaa

Ami yangu ana mizani ya sonara jikoni kwake Muscat, na anachokipimia ni chokaa. Kila jioni hupima gramu moja, akaitia kwenye dumu la lita mbili za maji yaliyochujwa mpaka hayana chumvi wala madini, akalitikisa na kuliacha litulie. Akisha kusali isha hufungua mrija mwembamba, tone moja moja likaanza kuangukia kwenye tangi la lita 200 anamofugia matumbawe. Matone hayo huendelea usiku kucha. Nimeitazama kazi hiyo kila nilipomtembelea, na sijaichoka.

Tumbawe ni mnyama anayejijengea nyumba ya mawe. Jiwe hilo ni kaboneti ya kalsiamu, na malighafi yake yote imo ndani ya maji. Baharini haiishi, kwa kuwa bahari ni kubwa. Tangini huisha, tena upesi, na anayeirudisha ni mwenye tangi.

Kalsiamu ni rahisi kuielewa. Ualkali ndio unaowatatiza watu, ingawa Waswahili tunaujua tangu jikoni: ni ile tabia ya magadi. Ukitia magadi kwenye kitu kichachu, uchachu unavunjika. Magadi ya ziwani ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu zilizoganda pamoja, na bikaboneti hiyo hiyo, ikiwa imeyeyuka katika maji ya bahari, ndiyo tumbawe huitumia kujengea. (Magadi yenyewe hayafai tangini, kwani yana floridi na uchafu mwingine. Ami hutumia bikaboneti safi, wala si bekingi pauda, ambayo imechanganywa na asidi.)

Maji ya bahari yana kalsiamu kiasi cha miligramu 420 kwa lita, na ualkali wa karibu 7 kwa kipimo cha Kijerumani kiitwacho dKH. Wafugaji wengi huuweka kati ya 7 na 11. Tumbawe likichukua ualkali wa 2.8, huchukua pamoja nao miligramu 20 tu za kalsiamu. Basi kalsiamu haijapungua hata sehemu moja ya ishirini, na ualkali umekwenda zaidi ya theluthi. Ndiyo maana ami hupima kalsiamu mara moja kwa wiki, lakini ualkali haupitishi siku mbili.

Kupima kwenyewe kuna utulivu wake. Huvuta mililita tano za maji kwa bomba la sindano, akadondosha rangi, maji yakawa ya buluu. Kisha huongeza dawa ya kupimia tone kwa tone, akikizungusha kichupa mbele ya karatasi nyeupe, mpaka buluu igeuke manjano. Wakati huo hazungumzi na mtu. Akimaliza huanza upya, na vipimo viwili visipolingana hupima mara ya tatu. Saa ni ile ile kila siku, maana ualkali wa asubuhi na wa jioni haufanani.

Nilimuuliza amejifunza wapi subira hiyo. Akanambia, "Kwa kuharibu, mwanangu." Mwaka wake wa kwanza aliukuta ualkali umeshuka hadi 6, akataka kuufikisha 11 usiku ule ule. Akamimina kaboneti, na hapo hapo akamimina na kalsiamu. Maji yakageuka tui. Vile vitu viwili vilikutana kabla havijasambaa, vikashikana na kuwa chaki, ikaganda kwenye pampu na kwenye kipasha maji. Alipopima tena, vyote viwili vilikuwa vimeshuka. Asubuhi ncha za matawi zilikuwa nyeupe, nyama imebanduka.

Leo hufuata mpango, na mpango huo hauanzi na dawa yoyote. Kwanza hupima chumvi, ambayo inatakiwa iwe gramu 35 hivi katika kila kilo ya maji, kwa sababu chumvi ikiwa chini kila kitu kitaonekana kimepungua, na atakayekimbilia kuongeza kalsiamu atakuwa anatibu ugonjwa usiokuwepo. Kisha hupima magnesiamu, ipate miligramu 1,300 kwa lita. Magnesiamu hujibandika kwenye vijiwe vinavyoanza kuganda na kuvizuia visikue. Ikipungua, kalsiamu na kaboneti huanza kugandana zenyewe, na unachotia chote kinaishia kwenye mashine.

Hapo ndipo hushika mizani. Kwa tangi lake, gramu sita za bikaboneti hupandisha ualkali kwa 1. Mwaka jana aliukuta 6.2, naye alitaka 8. Alitia gramu tatu kwa siku, yaani nusu tu, zilizoyeyushwa kwanza na kumiminwa taratibu pale mkondo wa pampu unapopita kwa nguvu. Kazi ambayo ingeisha kwa dakika tano ilichukua siku nne. Kloridi ya kalsiamu aliitia kwa wakati mwingine, saa nyingi baadaye, naye hunionya kila mara nisiiyeyushe nimeikumbatia chupa, maana hupata moto.

Hayo ni ya kusahihisha. Ya kila siku ni chokaa, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Njia yenyewe si yake. Ilienezwa miaka ya 1970 na Peter Wilkens, aliyeandika kwa Kijerumani. Uzuri wa maji ya chokaa ni kwamba huleta kalsiamu na ualkali kwa uwiano ule ule tumbawe linaovitumia, bila kuacha chumvi ya ziada nyuma. Ami alipima kwanza tangi linakula kiasi gani. Aliacha kutia kitu kwa siku mbili, ualkali ukashuka kwa 0.8, yaani 0.4 kwa siku. Akapiga hesabu, ikatoka gramu moja. Joto la Muscat nalo hukausha lita mbili za maji kila siku, basi maji ya kufidia ndiyo yanayobeba chokaa.

Usiku una maana yake. Mchana mwani mdogo wa kahawia unaoishi ndani ya matumbawe hunywa hewa ukaa. Usiku viumbe wote hupumua tu, hewa hiyo ikajaa, na maji yakaelekea uchachu. Maji ya chokaa ni makali, yaliyokolea hufika pH 12 na zaidi, na yakimwagwa kwa pupa huua. Yakidondoka polepole hukutana na hewa ukaa, yakageuka bikaboneti. Sumu inakuwa chakula njiani.

Usiku mmoja tulikaa mbele ya tangi taa zimezimwa, akanisimulia utotoni kwao, pwani ya mashariki ya Unguja, alivyokuwa akibeba mawe kupeleka tanuuni. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa, kisha yakanyunyiziwa maji yakapasuka kwa mvuke na kuwa unga mweupe. Chokaa hiyo ilijenga nyumba, ikapaka kuta, na kidogo kikaingia kwenye kijaluba cha bibi yake kwa tambuu. "Tulikuwa tunachoma matumbawe kupata chokaa," akasema, na mkono ukaenda kwenye mrija kupunguza kasi ya matone, ingawa kwa macho yangu yalikuwa sawa kabisa.

Asubuhi alinionyesha tawi moja la zamani, lile lililoungua ncha. Juu ya kovu palikuwa na kinundu cheupe kinachoelekea zambarau, hakizidi punje ya mchele. Akachukua bomba la sindano, akapima mara mbili, akaandika daftarini: 8.1.