Kitabu Kimoja kwa Watoto Wote?

Kitabu cha kuendeleza maneno alichokitoa Noah Webster huko Marekani mwaka 1783 twakisifu kwa utaratibu wake: kwanza herufi, kisha silabi, kisha maneno mafupi, mwisho marefu. Mzazi afundishaye nyumbani aweza kumpa kila mtoto ukurasa umfaao. Lakini twaona upungufu: neno refu si lazima liwe gumu. Katika Kiingereza, “though” na “tough” ni maneno ya silabi moja tu, walakini humkwaza hata kijana mkubwa. Basi mdogo na afuate kitabu. Mkubwa na ajifunze kwa makosa yake mwenyewe, mzazi akiyakusanya daftarini kila juma. Kuwapa wote somo moja ni kumchosha huyu na kumwonea yule.