Utepe Uliokosekana Ziwa Dixon

Picha ile mmeiona nyote: Mac Weakley amemshika besi mdomo-mkubwa, tumbo limejaa kama la mbuzi anayekaribia kuzaa, Ziwa Dixon, Escondido, California, Machi 20, 2006. Mizani ya mkononi ilisoma ratili 25 na wakia 1. Rekodi ya dunia ilikuwa ratili 22 na wakia 4. Samaki akapigwa picha, akarudishwa majini. Kumrudisha sina ugomvi nako. Ninachogombea ni kwamba alirudi bila kupitishiwa utepe, si wa urefu wala wa mzingo. Hilo lilikuwa kosa, na miaka yote ya kulisifia kama uungwana haijalifuta.

Alinaswaje? Jigi jeupe juu ya kiota. Wanaovua kiotani wanajua jeupe ni kwa faida ya macho ya mvuvi. Weupe ukitoweka ghafla, jigi limo mdomoni, na unakita ndoana papo hapo kabla hajalitema. Mshipi ukishtuka huku weupe bado unaonekana, basi mkia au ubavu umeugusa, na mkono unapaswa kutulia. Ndoana ya siku ile ilikutwa ubavuni, karibu na pezi la mgongoni. Hutokea: samaki mzito anayezunguka juu ya kiota hupita kwenye mshipi kila mara. Kumtafuta, kumsubiri na kumtoa salama walifanya kazi nzuri.

Wasomaji wa zamani wanajua nisivyoupenda uvuvi wa kiotani, na sijabadilika. Besi aliye kiotani hana njaa. Anafukuza adui kwenye mayai yake. Raha ya besi ni jioni, chambo cha juu kimetulia kando ya majani, halafu maji yanapasuka. Au mdomo-mdogo penye mawe na mkondo, anayeruka mara tatu kabla hujakumbuka kupumua.

Turudi kwenye dakika ile. Watetezi husema sheria za California zinataka samaki aliyenaswa nje ya mdomo aachiwe mara moja. Kweli kabisa. Lakini huyu alikuwa ameshaning'inizwa kwenye mizani na ameshasimamishwa mbele ya kamera. Muda huo ulipatikana. Utepe wa fundi cherehani unaanzia ncha ya mdomo hadi mkiani, kisha unazungushwa mara moja mbele ya pezi la mgongoni, namba mbili zinasomwa kwa sauti mwenzio azisikie, basi. Ni kazi ya sekunde chache. Badala yake tukaachiwa namba moja ya mizani ya mkononi, na nyote mmeshika mizani hizo: samaki anajitupa, mkono unatetemeka, tarakimu zinaruka. Weakley hakudai rekodi, na katika hilo alikuwa sahihi, maana samaki hakuchukua chambo kwa mdomo. Ila rekodi ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine. Huenda yule ndiye besi mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka majini kwa mshipi. Sisi tunaohesabu mambo haya tulihitaji vipimo vyake, hata kama jina la mvuvi lisingeandikwa popote.

Mtazameni George Perry. Juni 2, 1932, kijana wa shamba huko Georgia, yeye na mwenzake wakiwa na chambo bandia kimoja tu kati yao, anamtoa samaki Ziwa Montgomery. Hana kamera mkononi. Anampeleka mjini Helena, anapimwa kwenye mizani ya posta: ratili 22 na wakia 4, urefu inchi 32 na nusu, mzingo inchi 28 na nusu. Kisha familia ikamla. Watu wamebishana na vipimo hivyo mpaka leo, na wanaweza kubishana kwa sababu vipo.

Au David Hayes, Dale Hollow, Julai 1955, mdomo-mdogo wa ratili 11 na wakia 15. Mwaka 1996 walimnyang'anya rekodi kwa tuhuma za udanganyifu. Mwaka 2005 ikarudi. Ilirudi kwa nini? Samaki alikuwa amepimwa na kupigwa picha, kulikuwa na kitu cha kurudia kukagua. Na Manabu Kurita, Ziwa Biwa, Japani, 2009: takriban sentimita 69 kwa 68, mizani, karatasi. Alimzidi Perry kwa chini ya wakia moja, kanuni zinataka mbili, wakaandikwa sare.

Tabia hii ya kupima kwa macho naijua karibu. Naivasha, ambako mdomo-mkubwa aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, niliwahi kupanda mashua na mwongozaji aliyemtaja samaki wangu kilo tatu bila mizani. Nyumbani alisoma moja na gramu mia tisa. Kilo moja na gramu mia tisa ni samaki mzuri sana. Kwa nini umwibie ukweli wake?

Mei 2008 besi wa Dixon alikutwa ameelea, amekufa, akitambulika kwa doa jeusi chini ya shavu. Alikuwa na ratili 19. Vipimo vya Machi 2006 havipo na havitapatikana. Kwa hiyo nawaomba: kesho kabla hamjafunga mkoba, wekeni utepe juu ya jigi zenu, mahali ambapo mkono utaufikia ukiwa umelowa.