Imam Ghazali na Safari ya Kujitafuta: Je, Ina Mwisho?

Ndugu msomaji, siku hizi mitaani kwetu kumezuka maneno mawili ambayo kila kijana anayo mdomoni. Asiyekuwa na kazi wala mali, ukimuuliza khabari zake, hukwambia, "Bado najitafuta, Sheikh." Na yule aliyenunua gari akajenga na nyumba, wenziwe humwonyesha kidole wakasema, "Huyu kishajipata." Mimi siwalaumu kwa maneno hayo, kwani lugha ni ya watu, na kila zama na msemo wake. Lakini kila niyasikiapo hunikumbusha vitu viwili: kitabu kimoja cha Imam Ghazali, na kosa langu mimi mwenyewe.

Nianze na kosa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisomesha kitabu hicho msikitini, baina ya Magharibi na Isha. Kijana mmoja mwenye akili nyepesi, aliyekuwa ameoa karibuni, aliniuliza, "Maalim, hii safari ya mtu kuijua nafsi yake ina mwisho?" Nikamjibu papo hapo, "Haina mwisho, mwanangu." Jibu lilinipendeza lilivyotoka, na darsa nzima ikatikisa kichwa. Haikupita miezi mingi kijana yule akasafiri. Alimwacha mkewe ana mimba, akasema anakwenda kujitafuta, na ushahidi wake ulikuwa ni Imam Ghazali na maneno ya maalim wake. Mpaka leo hajarudi. Mtoto aliyezaliwa alikuja kusoma alifu kwangu, na kila akifungua juzuu yake mbele yangu mimi hulikumbuka jibu langu. Basi makala haya ni jibu la pili, nalo limechelewa.

Kitabu chenyewe ni Al-Munqidh min adh-Dhalal, yaani chenye kumwokoa mtu na upotofu. Imam Abu Hamid Muhammad al-Ghazali alikitunga akiwa amekwisha kupindukia miaka 50, miaka michache tu kabla ya kufariki kwake mwaka 505 wa Hijra (1111). Si kitabu kikubwa, msomaji mwenye bidii hukimaliza kwa siku moja. Wengi wetu tunamjua Imam kwa Ihyaa Ulumid Din, ambayo masharifu wa Hadhramaut waliipenda mno na wakaisomesha popote walipofika, pamoja na pwani yetu. Katika Ihyaa anazungumza mwalimu. Katika Munqidh anazungumza mtu aliyeugua akapona, na anatusimulia ugonjwa wake bila ya kuona haya.

Sasa tazama jambo la ajabu. Mwaka 484 (1091) Waziri Nidhamul Mulk alimpa Imam kiti cha kusomesha katika Madrasa Nidhamiya ya Baghdad, naye wakati huo hajafikia miaka 35. Yeye mwenyewe atwambia kuwa wanafunzi wake pale walikuwa 300. Alikuwa na jaha, ana mali, na wakubwa wa dola wakimsikiliza. Kwa lugha ya barazani kwetu leo, huyu alikuwa kishajipata. Na pale pale alipojipata machoni mwa watu ndipo alipotanabahi kuwa amepotea.

Kutafuta kwake kulianza zamani, kabla hajatimiza miaka 20. Aliona watoto wa Kikristo wakikua Wakristo, wa Kiyahudi wakikua Mayahudi, na wa Kiislamu wakikua Waislamu, akataka kujua ni lipi ambalo mtu analijua kwa yakini, si kwa kuiga wazee wake tu. Akayapima macho: kivuli huonekana kimesimama, kumbe chatembea, nyota huonekana ndogo kama dinari, na ilimu ya falaki yathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akaona, ikiwa macho yamenidanganya, je, akili nayo? Alikaa katika shaka hiyo kiasi cha miezi miwili. Asema wazi kuwa hakuponywa kwa hoja aliyoipanga, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

Kisha akawapima watafutaji wa zama zake, akawagawa mafungu manne: watu wa ilimul kalam, Mabatini, wanafalsafa na Masufi. Falsafa peke yake aliisoma kwa kiasi cha miaka miwili, katika nafasi zilizobaki baada ya kusomesha na kutunga, na mwaka mwingine akautumia kuifikiri. Alipofika kwa Masufi alivisoma vitabu vyao, na hapo ndipo penye mfano ambao mimi naona ndio roho ya kitabu kizima. Tabibu akiugua, asema Imam, huwa anaijua siha ni nini, anazijua sababu zake na dawa zake, naye siha hiyo hana. Ni mbali baina ya kuijua maana ya afya na kuwa mzima. Imam akajitazama, akaona kuwa yeye ni tabibu mgonjwa. Akaipeleleza nia yake katika kusomesha, akaona haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali jaha na sifa zilikuwa zikimsukuma.

Tangu Rajabu ya mwaka 488 (1095) alibaki miezi sita akivutana na nafsi yake: asubuhi ataka kuondoka, jioni nia imevunjika. Mwisho ulimi ukafungika, akawa hawezi kutamka neno mbele ya wanafunzi, chakula kikawa hakipiti, na matabibu wakakata tamaa. Ndipo alipotoka Baghdad. Aliigawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na riziki ya watoto wake. Akaenda Sham, akakaa kiasi cha miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti wa Dameski akajifungia humo mchana kutwa. Kisha akaenda Baitul Maqdis, kisha akahiji.

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapokifunga kitabu. Na hapa ndipo na mimi nilipokuwa nikikifunga nilipokuwa kijana, kwa kuwa sehemu hii ni tamu. Mtu kaacha cheo, kaacha mji, yuko peke yake juu ya mnara! Nani asiyetamani, khasa siku ambayo karo ya watoto haijapatikana na mke amenuna? Lakini kitabu hakikuishia mnarani. Baada ya Hijazi, asema Imam, alivutwa na mambo ya nyumbani na wito wa watoto wake, akarudi kwao. Alidumu katika kujitenga kiasi cha miaka kumi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo watu wake walikuwa karibu naye, na shughuli za maisha zikimkatiza. Kisha katika Dhul Qaada ya mwaka 499 (1106) akarudi kusomesha, mara hii Nishapur, baada ya kutakiwa na dola.

Na katika kueleza kurudi kwake anatoa siri ambayo wachache wanaizingatia. Alijiuliza kama huku kung'ang'ania upweke hakukuwa uvivu, kupenda raha, na kuikinga nafsi na maudhi ya watu. Hebu litie akilini neno hili, ndugu yangu. Alipokuwa kwenye kiti cha Baghdad aliituhumu nafsi yake kuwa yataka sifa. Alipokuwa faraghani aliituhumu kuwa yataka raha. Nafsi ni mjanja. Ukiifukuza sokoni huenda ikajificha kwenye mihrabu, na ukiiambia "twende tukakutafute" hukubali upesi, maana safari hiyo humfanya mtu aitazame nafsi yake tu, na haki za watu zikabaki nyuma.

Je, kitabu hakina upungufu? Kinao, na kumpenda Imam hakutuzuii kuusema. Kwanza, mambo yamepangwa mno: fungu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kama milango ya nyumba. Maisha ya mtu hayaendi hivyo, na yeye aliyapanga alipokuwa mzee akitazama nyuma. Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, kuondoka kwake amekueleza kwa maneno ya kuchoma moyo, lakini khabari za nyumbani kwake alizitaja kwa maneno machache tu. Wale watoto waliomwita walikaaje miaka ile? Hatwambii. Ndiyo maana msomaji mzembe, akitaka ushahidi wa kukimbia, ataupata humu. Na akitaka ushahidi wa kurudi, lazima asome kwa makini.

Kwa bahati njema tunaye shahidi mwingine. Abdul Ghafir al-Farisi, khatibu wa Nishapur, alimjua Imam kwa macho yake. Alimjua zamani alipokuwa mkali na mwenye kujiona, na baada ya kurudi alimzuru mara nyingi. Akiri kuwa mwanzo alidhani upole ule ni wa kujitia, kisha akachunguza akaona ni wa kweli. Shahidi huyu atwambia kuwa Imam mwishowe alirudi kwao Tus, akaweka karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makao ya Masufi, na wakati wake akaugawa baina yao. Na mwisho kabisa wa umri wake, yule mwenye Ihyaa, yule aliyewajibu wanafalsafa, alikaa akishughulika na Hadithi za Mtume (S.A.W.) katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim. Alikufa akiwa mwanafunzi, lakini mwanafunzi aliye nyumbani kwake.

Basi sasa turudi kwenye suali. Mimi naona kosa langu lilikuwa kuchanganya mambo mawili. Kujitafuta ni jambo moja, na kujichunga ni jambo jingine. Nahodha akishaijua bandari aendayo hatafuti tena bandari, lakini usukani hauachi mpaka nanga itiwe. Imam alipojua kuwa yeye ni mja, kuwa ana Mola, na kuwa atarudi Kwake, kutafuta kulikwisha. Kilichobaki ni kuichunga nia kila siku, mbele ya wanafunzi, mbele ya wakubwa, na mbele ya watoto wake. Huko ndiko kusikokuwa na mwisho.

Aya ya mwisho ya Suratul Hijr, ambayo ni ya 99, inamwamrisha Mtume (S.A.W.) amwabudu Mola wake mpaka imjie yakini. Wapo waliodai kuwa mtu akishapata yakini ya moyo amefika, na ibada zimemwondokea. Wafasiri wakubwa wamelikataa hilo, wakasema kuwa yakini hapa ni mauti, na Hadithi ya kifo cha Uthman bin Madh'un katika Bukhari yawapa nguvu. Kwa hivyo yakini ni mbili. Ile aliyoitafuta Imam ujanani mtu huweza kuipata akiwa hai. Ya pili ni kaburi, na kabla ya hiyo hakuna likizo, wala kwa aliyefika wala kwa asemaye bado yuko njiani.

Ama ule usemi mashuhuri kuwa mwenye kuijua nafsi yake amemjua Mola wake, tusiusimulie kama Hadithi. Imam Nawawi na maulamaa wengine wamesema haukuthubutu kwa Mtume (S.A.W.). Maana yake ni nzuri tukiifahamu vilivyo: mwenye kuujua udhaifu wake ameujua uwezo wa aliyemuumba. Lakini udhaifu huo hauhitaji safari ya mbali. Mtoto anayelia usiku wa manane na wewe umechoka atakuonyesha nafsi yako yote, uzuri wake na ubaya wake, kabla ya alfajiri.

Kwa hiyo nawaomba wazazi na walimu wenzangu tusiwape vijana maneno matamu yasiyokuwa na mipaka. Kijana akisema bado anajitafuta, tumuulize: deni lako umelipa? Mama yako umemtazama? Mkeo ana chakula leo? Akishajibu hayo, na atafute apendavyo, na tumwombee dua.

Na wewe uliyeniuliza usiku ule, pengine ukurasa huu utakufikia huko uliko. Jibu langu la mwanzo nimelirudisha. Imam uliyemfuata mpaka Sham alisikia watoto wake wakimwita akarudi, na safari yake haikuharibika. Mwanao amekhitimu juzuu Amma.

Wabillahi ttaufiq.